Amin angekuwa na makamanda wengine, Kampala isingeanguka? Tujadili

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita nilikuwa msibani Muleba. Usiku wa matanga, kahawa ikizunguka, wazee wawili waliopigana Vita vya Kagera nusura waachane kwa ubaya. Mmoja alisema Idi Amin aliponzwa na makamanda, basi. Angekuwa na maofisa watatu tu wanaoijua kazi, JWTZ, jeshi letu la Tanzania, isingevuka Masaka na habari za Kampala tungeishia kuzisikia redioni. Mwenzake akamrukia: hata ungemshushia jenerali kutoka mbinguni, nduli yule alikuwa wa kupigwa tu. Mwenye msiba akalazimika kuja kuwaomba wapunguze sauti.

Swali lile sijaliacha tangu siku hiyo, nami naliweka hapa mezani. Je, uongozi mwingine wa kijeshi unaweza kugeuza matokeo ya vita? Naomba tubishane kwa hoja, matusi tuyaache nje. Na mtu akitumia neno "kamanda", atuambie ni kamanda wa ngazi gani, maana naona hapo ndipo tunapopishana bila kujua.

Nianze na msimamo wangu ili mjue pa kunipiga. Kamanda anabadili bei ya vita: watapigana miezi mingapi, watakufa wangapi, mji upi utabaki na mapaa yake. Mshindi anabadilika kwa nadra sana. Na pale unapodhani kamanda ndiye aliyembadilisha mshindi, chimba chini kidogo, utakuta serikali iliyompa kamanda huyo kazi.

Kwa ambao hawakuwepo, nitakwenda haraka. Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Amin liliingia Kagera, na Novemba 1 Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800, ni mali ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Raia wakauawa, kiwanda cha sukari kikakombwa, ng'ombe wakaswagwa kuvuka mpaka. Kabla Novemba haijaisha JWTZ ilikuwa imeshauvuka mto. Mutukula, mji wa mpakani, ilichukuliwa Januari 1979, Masaka Februari 24, Entebbe Aprili 7, Kampala Aprili 11. Juni 3 askari wetu wakafika mpaka wa Sudan, kazi ikaisha.

Sasa tuitazame hoja ya mzee wa kwanza, kwa sababu ina nguvu kuliko wengi wanavyokubali. Ukiniuliza ni wapi jeshi la Amin lilifanya kosa lisilosameheka, nitakwambia ni hapo mtoni. Walilipua daraja, vizuri. Mto Kagera si kijito, una kina na una nguvu, na kuuvuka mbele ya adui aliyejichimbia ng'ambo ni kazi ya kumwaga damu. Kamanda yeyote mwenye akili angechimba mahandaki ukingo wa kaskazini, akaelekeza mizinga kwenye vivuko, akakaa akisubiri. Kama hilo lingefanyika, nina hakika tungezika vijana wengi zaidi, na pengine tungevuka Februari badala ya Novemba. Halikufanyika. Vijana wetu walipovuka hawakukuta ulinzi wa maana. Wenzao walikuwa wameshapakia magodoro, baiskeli na mabati wakarudi kwao.

Hapo mzee angesema: umeona? Kamanda!

Lakini jiulizeni, kamanda huyo angemwamuru nani akae kwenye handaki? Askari wa Amin mwaka 1978 alilipwa kwa njia mbili, mshahara na alichokiokota. Miaka ile Waganda waliwaita wanajeshi na wafanyabiashara walionenepa ghafla "mafuta mingi". Ndege zilikuwa zikitoka Stansted, Uingereza, zikishusha Entebbe wiski na bidhaa za anasa ili maofisa waridhike. Fedha ya kununua hivyo vyote ilikuwa ya kahawa. Bei ya kahawa ilipaa hadi mwaka 1977 kisha ikaporomoka, na Oktoba 1978 Marekani ikapiga marufuku biashara na Uganda. Jeshi lililozoea kulishwa hivyo, siku pakiti zikipungua, hupewa nchi ya jirani lijilishe lenyewe. Ukimwambia askari wa namna hiyo aache ng'ombe aliyemkamata, ashike sepetu achimbe handaki kwenye mvua ya Novemba, hakuelewi. Tena anaweza kukupiga risasi.

Halafu maofisa waliosoma, wale ambao mzee alitamani Amin angekuwa nao, alikuwa nao! Brigedia Suleiman Hussein, aliyekuwa mkuu wa majeshi zama za Obote, rais ambaye Amin alimpindua, aliuawa mwaka ule ule wa 1971 Amin alipotwaa nchi. Waacholi na Walango, ambao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa jeshi, waliuawa kambini mwao kwa mamia. Machi 1974 akafa Brigedia Charles Arube, naye mkuu wa majeshi, katika jaribio la kumpindua Amin, na mwezi huo huo maiti ya Luteni Kanali Michael Ondoga, aliyetoka kuwa waziri wa mambo ya nje, ikaokotwa mtoni. Aprili 1978 makamu wake, Jenerali Mustafa Adrisi, akavunjika vibaya katika ajali ya gari ambayo wafuasi wake hawakuamini kwamba ni ajali. Ofisa hodari katika jeshi lile alikuwa mtu wa kuogopwa na bosi wake. Kwa hiyo ukisema "mpe Amin makamanda wazuri", umesema "mfanye Amin asiwe Amin". Na Amin asiyekuwa Amin asingevuka mto Kagera tangu mwanzo. Vita vyenyewe visingekuwepo.

Hapo ndipo naona hoja ya kamanda inapojikwaa. Tunamtoa mtu mmoja, tunamweka mwingine, kama tunabadili betri ya tochi. Jeshi halipo hivyo. Aliyeko juu amewekwa na mkono fulani, na mkono huo ndio uliokuwa ukichagua tangu ngazi ya sajini.

Nije upande wetu, maana ni rahisi kusema ya jirani. Tunawasifu Meja Jenerali David Musuguri aliyeongoza Divisheni ya 20, Silas Mayunga, John Walden ambaye redioni alijulikana kama Black Mamba, Mwita Marwa wa Brigedi ya 208. Nawasifu na mimi, kwa moyo wote. Musuguri alianzia kwenye jeshi la mkoloni, KAR, kama Amin mwenyewe. Hebu lifikirieni hilo: chuo kimoja, gwaride moja, kiingereza kile kile cha uwanjani, halafu mmoja akawa jenerali wa jeshi lenye nidhamu na mwingine akawa yule tuliyemjua. Kilichowatofautisha walikikuta kwenye nchi zao baada ya mkoloni kuondoka.

Baba yangu mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa utingo wa lori katika vita vile. Lori la mtu binafsi, lilichukuliwa na serikali pamoja na dereva na utingo wake kama yalivyochukuliwa malori na mabasi nchi nzima. Hakupiga risasi hata moja. Alichokumbuka ni barabara ya Bukoba kwenda Kyaka wakati wa mvua: udongo mwekundu umekuwa uji, lori limezama hadi ekseli, wao wanakata mikaratusi kutandika chini ya matairi. Akatuonyesha alama mkononi, hapa juu ya kifundo, pipa la dizeli lilipomponyoka wakiliviringisha kupandisha kilima kwa mikono. Akina mama wa kijijini wakapita na mikungu ya ndizi kichwani, wanawapelekea askari, hawakuambiwa na mtu. Kila wastaafu walipoanza kusimulia jenerali fulani alivyofanya, yeye aliuliza swali moja: "Na mafuta ya kumfikisha huko yalitoka wapi?"

Jeshi letu kabla ya vita halikufika watu 40,000. Katika wiki chache, ukijumlisha mgambo, polisi, magereza na JKT, likapita 150,000. Uganda ilikuwa na askari wapatao 20,000. Watu hao wote walisafirishwa kutoka kila pembe hadi kona ya kaskazini magharibi, njia ya reli ikiishia Mwanza na ziwa likiwa katikati. Na hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba askari wetu waliokufa ni 373, na kati yao waliouawa mapiganoni ni 96. Waliobaki wengi wao waliondoka kwa ajali na mengineyo. Ukiitazama hesabu hiyo vizuri, unaelewa kwa nini utingo aliona vita tofauti na alivyoviona kanali.

Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa Novemba 2 alitaja vitu vitatu ambavyo kila Mtanzania wa rika langu anavijua kwa ghibu: uwezo, sababu na nia. Hakumtaja jenerali.

Sasa niwapeni nafasi ya kunipinga, kwa sababu kuna usiku mmoja unaonitia mashaka. Lukaya, Machi 10.

Barabara kutoka Masaka kwenda Kampala inakatiza kinamasi kikubwa, imeinuliwa juu ya maji na mafunjo, kushoto na kulia huna pa kukanyaga. Brigedi ya 201, iliyojaa vijana wageni wa vita, wengi wakiwa mgambo wa juzi, iliingia Lukaya. Jioni msafara wa Walibya walioletwa na Gaddafi kumsaidia Amin, pamoja na Waganda na Wapalestina, ukawashukia kwa roketi za Katyusha. Makombora mengi yaliwapita juu, lakini sauti ile kwa kijana aliyetoka shambani miezi minne tu iliyopita inatosha. (Waganda nao waliijua: roketi za namna hiyo za kwetu walizipa jina la Saba Saba, na hadi leo mtu mzima wa Masaka ukilitaja anakuelewa.) Brigedi ikavunjika. Wengine wakakimbia, wengine wakatumbukia kwenye mafunjo kando ya barabara wakabaki humo gizani, maji kifuani, wakisikia vifaru vinanguruma.

Usiku huo makamanda walifanya kazi ya makamanda. Waliovunjika wakakusanywa. Brigedi ya 208 ya Marwa, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini magharibi, ikaagizwa igeuke, itembee usiku kucha, itokee nyuma ya adui kwenye barabara ya Kampala. Alfajiri ya Machi 11 Walibya wakajikuta wanapigwa mbele na nyuma. Walikufa kama 200, na Waganda idadi kama hiyo. Luteni Kanali Godwin Sule, ofisa wa Amin ambaye hata sisi tulimheshimu, alikufa hapo, na baada yake maofisa wa Amin waliobaki hawakuweza kukusanya jeshi la kusimama tena mbele yetu.

Mgeuze mambo. Tuseme Walibya wale, badala ya kukaa Lukaya kusubiri asubuhi, wangeendelea na mwendo hadi Masaka usiku ule ule. Tuseme hakuna mtu upande wetu aliyefikiria kuizungusha 208. Tungepoteza Masaka? Inawezekana. Tungechelewa mwezi, miezi miwili? Naamini hivyo, na katika miezi miwili mengi hutokea: OAU, umoja wa nchi za Afrika, inashinikiza, hazina inakauka, Gaddafi anaongeza ndege. Hapa nakiri kwamba naona mkono wa kamanda unakaribia kabisa kugusa usukani.

Lakini nasita kusema uliugusa. Askari ambao Libya iliwatupa Uganda hawakujua wanapigania nini, wengine waliambiwa wanakwenda mazoezini. Wenyeji wa Buganda walikuwa wanawaonyesha JWTZ njia. Msafara ule hata ungeingia Masaka, ungeingia mji ambao hauna mtu wa kuupokea.

Nitoke Kagera nende Tanga, maana pale tuna jaribio safi kuliko yote, na liko ardhini kwetu. Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka India chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Kabla ya kushuka, meli ya kivita ilituma taarifa kuwapa Wajerumani nafasi ya kujisalimisha. Saa zikapita. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akaleta watu wake kwa treni kutoka Moshi, wote hawazidi elfu moja na kidogo, akawatandika. Nyuki wa mizingani nao wakaingia vitani. Aitken akaondoka akiacha bunduki, bunduki za rashasha na risasi laki sita, ambazo Mjerumani alizitumia miezi mingi.

Ukitaka mfano wa kamanda bora dhidi ya kamanda mbovu, hutaupata ulio wazi zaidi. Na matokeo ya vita? Ujerumani ilinyang'anywa koloni lote. Lettow-Vorbeck alizunguka miaka minne, kutoka Kilimanjaro hadi Rufiji, hadi Msumbiji, hadi Rhodesia ya Kaskazini, hakushindwa kabisa uwanjani, na Novemba 25, 1918 akasalimu amri Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Aitken alishindwa kila kitu, nchi yake ikashinda. Mwenzake alishinda karibu kila kitu, nchi yake ikashindwa. Bahari ilikuwa ya Mwingereza.

Sasa angalieni bei. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa kwa kuhara, njaa na uchovu, hesabu ya serikali yao wenyewe inapita 95,000. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao, Carrier Corps, na kila siku tunauza nyanya pale bila kuwakumbuka. Ugogo ikaja njaa ya Mtunya baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Kamanda wa wastani angesalimu amri 1916, watu hao wakapona. Ninyi mnaomsifu Lettow-Vorbeck kwa ustadi, mimi sibishani juu ya ustadi wake. Nasema ustadi ule Wagogo waliulipia, haukubadili hata mstari mmoja wa mkataba wa amani.

NYONGEZA baada ya michango ya jana.

Asanteni. Mchangiaji mmoja kutoka Mbarara amenikumbusha Septemba 1972: wakimbizi wa Uganda zaidi ya elfu moja walivuka kutoka Tanzania kumwondoa Amin, wakapigwa na jeshi lile lile ninaloliita la wezi. Ndege ya kuwapeleka wengine Entebbe hata haikufika, ilipasuka matairi ikitua Kilimanjaro. Anauliza: kama mfumo wa Amin ulikuwa umeoza, mbona alishinda? Ni swali zito. Jibu langu ni kwamba waliovamia hawakuwa na nchi nyuma yao, na Amin bado alikuwa na miezi tu ya kuharibu, si miaka saba. Lakini nakubali kwamba mipango mibovu iliwaua wale vijana. Hapo kamanda alihusika, na sitaki kulipunguza hilo.

Mwingine ameandika kwamba nimejikanganya: Nyerere mwenyewe si kiongozi wa vita? Ni kweli alikuwa Amiri Jeshi Mkuu. Yeye ndiye aliyeamua tusiishie mpakani. Yeye ndiye aliyeagiza barabara ya kutoka Kampala kwenda Jinja iachwe wazi ili Walibya watoke, kusudi tusigombane na Gaddafi zaidi ya ilivyobidi. Rais mwingine angeweza kusimama Mutukula, na Amin akabaki Ikulu yake. Hilo silikatai hata kidogo. Ndiyo maana niliomba tangu juu mtu aseme anazungumzia ngazi gani. Anayeamua vita viende wapi na anayeamua brigedi ipite wapi ni kazi mbili, na mimi ninayebishana naye ni yule anayeipa ya pili uzito wa ya kwanza.

Kuna aliyesema ninawadharau wapiganaji. Ndugu yangu, sivyo. Mji wa Masaka ulisawazishwa kwa mizinga na baruti, kwa hasira ya yaliyotendeka Kagera. Hapo palikuwa na maofisa ambao wangeweza kusema basi. Ni nyumba za watu. Kusema kamanda anashika bei ni kumbebesha mzigo mkubwa, na sidhani kama kuna mzigo unaouzidi.

Lakini bado Lukaya inanisumbua, na vitabu havinisaidii kwa sababu vinatoka kwa waliokuwa na ramani. Kama humu yumo aliyekuwa Brigedi ya 201 usiku ule wa Machi 10, au ana mzee wake aliyekuwepo na bado anakumbuka, namwomba atuambie: ulipotoka kwenye mafunjo ukarudi barabarani, ulisikia amri ya mtu, au uliona mwenzako wa kijijini anarudi ukamfuata?